Mume Wangu, Besi wa Radi ya Themi

Ukitaka kumjua mume wangu Elihuruma, usimwulize mwenyewe. Atakuambia, "Mimi mtu wa kawaida tu," halafu atanyamaza, na wewe utarudi kwenu bila habari. Niulize mimi. Mimi ni Hedwiga, fundi cherehani wa Kimandolu, na kwa miaka thelathini na minne nimelala kando ya mtu ambaye hata akiwa usingizini vidole vyake vinapiga gitaa la besi mgongoni mwangu. Nyimbo zake zote nazijua kwa mgongo.

Yeye ni Mmeru wa Akheri, mtoto wa wakulima wa ndizi na kahawa, Mlutheri wa kuzaliwa. Mimi ni Mchagga wa Kibosho, Mkatoliki ambaye hajawahi kuomba radhi kwa jambo hilo. Tulipooana watu wa pande zote mbili walitikisa vichwa, tukawaacha watikise. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Miaka thelathini aliingia geti hadi geti, Kimandolu mpaka Engutoto, akivumisha sehemu yake ya besi chini kwa chini, dum-du-dum, na mbwa wa mitaa hiyo wakisikia dum-du-dum wanalala tena. Sasa amestaafu, mbwa wapya hawamjui, na mmoja ameshamrarua suruali. Niliishona mimi.

Hiyo ilikuwa kazi. Maisha yake ni bendi.

Bendi inaitwa Radi ya Themi. Ilianza mwaka 1986, vijana wanne waliotoka kwaya za vijana za kanisani, kule kulikokuwa na magitaa ya umeme. Mmoja wao alikuwa amesikia muziki wa rock kwenye redio ya Nairobi na hakupona tena. Arusha ya wakati ule ilitaka kwaya, dansi na muziki wa Kongo. Rock nani anaitaka? Marehemu baba yangu alipowasikia mara ya kwanza aliuliza kama kuna mtu ameumia. Lakini walikuwa vichwa ngumu, na vichwa ngumu wakikaa wanne pamoja huwa wanapata pa kupigia. Walipata harusi. Wakajifunza rock ya harusini: bibi harusi anaingia taratibu, magitaa yananguruma kwa adabu, na wazee wanakunywa soda zao kwa amani.

Mimi niliingia katika habari hii mwaka 1988. Nilikuwa nimefika mjini na cherehani ya shangazi yangu, na wateja wangu wa kwanza wa maana walikuwa hao wanne. Walitaka vizibao. Walikuja na jora la kitambaa cha pazia, rangi ya damu ya mzee, ambalo mpaka leo sijui walilitoa wapi. Nikawapima mmoja mmoja. Yule wa besi alisimama wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, hakupumua mpaka nilipomaliza. Basi kizibao chake kikambana. Akakirudisha nikiachie. Akakirudisha tena. Mara ya tatu nilikipindua ndani nje, nikakikagua mshono kwa mshono, hakikuwa na kosa lolote. Nikamwambia kama anataka chai aseme chai.

Kitambaa kilitoka vizibao vinne tu. Kwa hiyo wakaweka kanuni: anayetoka kwenye bendi anarudisha kizibao, anayeingia anarithi, na mimi napunguza au naachia kulingana na mwili uliokuja. Wengine wanaandika historia kwenye vitabu. Ya Radi ya Themi mimi naisoma kwenye mishono.

Kizibao cha drams kimevaliwa na watu wanane. Wa kwanza, Eliamini, aliitwa na Bwana akawa mwinjilisti. Siku hizi anapiga tarumbeta kanisani na anatuombea, nadhani kwa sababu anajua tulivyo. Mwingine alikuwa polisi, akahamishiwa Sumbawanga. Mwingine muuza nyama, alikuja mwembamba, na alipoondoka nilikuwa nimetia kipande kila ubavu. Mwingine alikaa wiki mbili akaenda kutafuta tanzanaiti Mirerani, kizibao kikarudi na vumbi ambalo sijawahi kulitoa lote. Cha mwimbaji kimepitia watu saba. Mmoja wao, sitamtaja jina, alikirudisha na tundu la sigara kwenye bitana akadai ni panya. Panya gani huyo anayevuta? Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akitoka mtu Jumapili, Alhamisi kuna mwingine amesimama sebuleni kwangu ameinua mikono nimpime kifua. Jumla ni watu ishirini na watatu, na wote nimewapikia.

Kizibao cha besi peke yake hakijawahi kubadilisha mvaaji. Hicho nimekiachia mara nne, na siachii tena.

Nikisema niwataje wote tutakesha hapa. Habari yenyewe ya mume wangu ni habari ya mtu mmoja kati ya hao, aliyeshika gitaa la solo. Huyo ni Koikai.

Koikai ni Mwarusha wa Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, watu wa ng'ombe na mahindi. Yeye ndiye aliyesikia ile redio ya Nairobi. Walisoma sekondari moja na Elihuruma, wakilala kitanda cha juu na cha chini, na ndiye aliyemwambia, "Wewe una vidole virefu na huna maneno, shika besi." Siku ya harusi yetu ndiye aliyesimama upande wa mume wangu. Mtoto wetu Evelyn alijifunza kutembea kwa kushika suruali yake. Mrefu, mwenye maringo, mchekeshaji, na akianza solo hajui mahali pa kushukia. Mume wangu alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na sioni aibu kulisema hilo kwa kuwa hata ndugu zake wanalijua.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Agosti 1998, harusini Akheri. Ulifika wakati wa ndafu. Mbuzi mzima ameshaingizwa na majani yake mdomoni, mshereheshaji ametangaza, na mchungaji amesimama kuombea chakula. Amefumba macho, ameinua mikono. Koikai naye amefumba macho, yuko juu kabisa kwenye solo yake, hana habari. Mchungaji anaomba, gitaa linalia. Mchungaji anapandisha sauti, gitaa nalo linapandisha. Elihuruma akamgusa bega mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akainama akachomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya.

Kimya. Na kwenye kimya kile vidole vya Koikai viliendelea kukimbia juu ya nyuzi zisizotoa sauti, tik tik tik. Watu mia tatu wakacheka. Hata mchungaji alicheka. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Koikai alifungua macho akauangalia waya mkononi mwa rafiki yake. Akaliweka gitaa kwenye mfuko, akatoka kwa miguu na kizibao mwilini, na hakurudi. Ndiyo maana mpiga solo wetu anavaa kizibao cha kahawia mpaka leo, na watu wanadhani ni mtindo.

Wiki mbili Elihuruma hakula vizuri. Alikuwa anatoka asubuhi akiniambia, "Leo nitapita kwa Koikai," na jioni anarudi hajapita. Mimi sina subira ya namna hiyo. Kwetu Uchaggani kuna isale, lile jani refu la kijani, na hata Wameru wanalijua, ingawa tunabishana nani alimfundisha mwenzake. Ukimkosea mtu vibaya, unalifunga isale fundo unampelekea. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemuua ng'ombe wake. Basi nikakata jani zuri kwenye shamba la Akheri, nikalifunga, nikampa Sumari alipeleke Ngaramtoni. Sumari ndiye aliyekuwa kwenye drams wakati ule, mtu wa maneno matatu kwa siku, na matatu hayo alikuwa anayahesabu. Mume wangu nilimwambia baada ya jani kuondoka.

Sumari akarudi jioni.

"Umempa?" nikamwuliza.

"Nimempa."

"Kasemaje?"

"Kasema ameelewa."

Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikamwambia Elihuruma atulie nyumbani, mambo yamekwisha, Koikai atakuja mwenyewe. Tukatulia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Krismasi ikapita. Koikai hakuja.

Kwetu mtu anayepokea isale halafu ananyamaza hana jina zuri. Nikakasirika kwa niaba ya mume wangu, na mimi nikikasirika nakasirika kwa miaka. Nikamkataza kulitaja jina hilo mezani kwangu. Hakubisha. Ila kila mpiga solo mpya alipokuja kujaribiwa, Elihuruma alimsikiliza wimbo mmoja, akamwambia vizuri sana, karibu, halafu akatoka nje kwenda kusoma mita ya maji ya nyumba yetu wenyewe. Anaisoma dakika kumi. Mwaka 2009 mama yake Koikai alifariki, yule mama aliyekuwa akitupatia maziwa kila tulipokwenda. Tulipata habari mapema, na hatukwenda kuzika. Nilisema mimi kwamba tusiende. Hili linaniuma kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ishirini na sita ikaenda namna hiyo. Mwaka jana vidole vya Elihuruma vikaanza kuvimba kwenye viungo. Daktari akamwambia apige akiweza, apumzike akishindwa, na baada ya mwaka mmoja asitegemee sana kupiga tena. Mume wangu akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Mama Evelyn, kuliweka gitaa chini si neno. Ila ningependa nimwone Koikai kwanza. Nimwone nikiwa bado ni besi."

"Isale lilishapelekwa," nikamwambia. "Mpira uko kwake."

Ndivyo nilivyomjibu mtu mwenye vidole vilivyovimba.

Bendi kwa sasa ni vijana. Brian yupo kwenye drams, Naeku anaimba, na mwaka huu mwanzoni akaja Lengai, kijana wa Ngaramtoni anayetengeneza simu mjini, kujaribiwa kwenye solo. Ilikuwa Alhamisi alasiri, uani kwetu. Mimi nilikuwa barazani natia zipu sketi ya mwalimu. Lengai akaanza kupiga. Mahali fulani katikati akavuta uzi mmoja kwa kidole cha pete, akauacha unung'unike kidogo kabla ya kuudaka tena. Besi ikanyamaza. Nikainua kichwa. Elihuruma alikuwa amesimama, mkono umeganda kwenye shingo ya gitaa.

"Hiyo umefundishwa na nani?" akauliza.

"Mzee mmoja kijijini kwetu," Lengai akasema, macho chini.

"Mzee gani?"

"Aliniambia nisiseme, Baba."

"Sema."

"Mzee Koikai."

Naeku na Brian wakaangaliana, kwa kuwa jina hilo lilikuwa halijawahi kutajwa uani kwetu. Mimi nikashuka barazani na pini mdomoni. Nikazitema, nikamwambia kijana, "Kamwulize huyo mzee wako kwa nini alikataa isale."

Lengai akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mbinguni. "Isale ndiyo nini, Mama?"

"Jani! Jani tulilompelekea!"

"Aa, lile jani la mpaka," akasema. "Hilo analisimulia mpaka leo. Anasema alichomolewa waya mbele za watu, akakaa nyumbani anamsubiri rafiki yake aje, akaletewa jani la mpaka. Kwamba kila mtu abaki kwake."

Nimeshona miaka thelathini na sita, na sijawahi kukata kitambaa cha mteja nikaona nimekata pasipotakiwa kama nilivyoona siku hiyo. Kweli, masale hayo hayo ndiyo tunayopanda mipakani, kila shamba Akheri limezungukwa nayo. Mtu wa kwetu anajua lini jani linasema mpaka na lini linasema nisamehe. Mwarusha atajulia wapi? Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Nilimtuma mtu wa maneno matatu apeleke jani bila maelezo, halafu nikamnunia aliyepelekewa kwa miaka ishirini na sita, nikamkosesha mume wangu rafiki, nikamzuia kwenda kuzika. Nikakaa chini pale pale uani, sketi ya mwalimu mapajani, nikalia.

Elihuruma hakunigombeza. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia. Kumbe anacheka. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Brian akaenda kumletea maji.

"Ameelewa," akawa anasema. "Sumari alisema ameelewa!"

Tukaamua kwenda Jumamosi ile. Nikamwita Lengai nikamhoji kama hakimu, maana sikutaka kukosea mara ya pili.

"Kwenu mtu akiomba amani anafanyaje?"

"Anashika nyasi, Mama. Nyasi mbichi mkononi. Ukishika nyasi mtu hawezi kukufukuza."

"Nyasi kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Kidogo tu! Kwa kosa la miaka ishirini na sita? Mimi ni Mchagga, siendi kwa watu na kitu cha kujaza kiganja. Asubuhi nikakodi pikipiki ya mizigo, ile ya magurudumu matatu tunayoiita toyo, nikaijaza majani ya ng'ombe yaliyokatwa alfajiri hiyo hiyo, mizigo sita iliyofungwa kwa kamba. Elihuruma akaiangalia, akaenda kufunga mlango. Lengai naye alikuwa ameshakwenda kazini, hakukuwa na wa kunizuia. Tukaondoka mimi na mume wangu mbele kwa gari la abiria, toyo ikatufuata nyuma.

Koikai alikuwa zizini, amejifunga shuka na kofia ya sufu kichwani, mzee mwenye mvi lakini na maringo yale yale. Alituona tunashuka njia. Akasimama. Hakuja kutupokea wala hakugeuka. Nyuma yetu toyo ikaingia uani ikivuma, na ng'ombe wake wote saba wakainua vichwa kwa pamoja wakaanza kusogea. Mimi nikakimbilia mzigo wa juu, nikachomoa fungu la majani kubwa kuliko kifua changu, nikalikumbatia, nikaenda nalo mpaka mbele yake. Nilikuwa simwoni vizuri kwa majani.

"Shikamoo ya kwanza ni hii," nikasema. "Tumekuja na nyasi."

Nikasikia sauti yake juu ya majani.

"Shemeji, unaniomba radhi mimi au unawaomba ng'ombe?"

Dume moja lilikuwa limeshafika, limeanza kula fungu langu kutoka upande wa pili. Mke wa Koikai alitoka jikoni akaona mambo hayo, akakaa kwenye jiwe akicheka na kupiga mapaja. Dereva wa toyo akacheka. Koikai mwenyewe alijitahidi kununa, uso ukamshinda.

Nikamweleza yote. Kwamba jani nililituma mimi, kwamba kwetu maana yake ni msamaha, kwamba kosa la kunyamaza lilikuwa langu tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fito ya zizi.

"Mwaka wa themanini na tisa," akasema, "baba yake huyu aligombana na jirani yake pale Akheri. Mimi nilikuwa mgeni wao. Wakanipa jembe nisaidie kupanda masale. Tulipomaliza mzee akasema, sasa kila mtu abaki kwake. Haya, mimi naletewa jani lile lile, tena limefungwa fundo. Nikasema, huyu kafunga kabisa."

"Nisamehe, shemeji."

"Wewe nimekusamehe. Jani ni jani." Akamgeukia Elihuruma, na kicheko kikamwisha usoni. "Lakini wewe. Kutoka kwako mpaka hapa ni magari mawili. Mimi sikuwa nasubiri jani. Kwa nini hukuja mwenyewe?"

Mume wangu alisugua vidole vyake vilivyovimba. Nilitaka kumjibia, kama nilivyozoea kumjibia kila mahali. Nikajizuia, na naomba nihesabiwe hilo.

"Nilikuja," Elihuruma akasema. "Nilifika Sakina, nusu ya njia, mara mbili."

"Ukafanya nini?"

"Nikanywa soda, nikarudi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utanifukuza."

Koikai akavua kofia yake, akaipiga piga gotini kama ina vumbi. "Mimi nilifika Kimandolu," akasema. "Mara tatu. Siku moja nilikuona unatoka getini kwa watu na daftari lako la mita. Nikajificha nyuma ya duka la mbolea."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unavumisha ile sehemu yako ya wimbo wetu wa kwanza. Nikasema, huyu anaendelea vizuri, hana haja na mimi."

Hapo hakuna aliyecheka.

"Na mama yako," Elihuruma akaanza.

"Nilikuwa naangalia barabara," Koikai akasema. "Tangu asubuhi mpaka tunamshusha. Kila gari."

Mume wangu akalia, mtu mzima wa miaka sitini, mbele ya dereva wa toyo. Koikai akamshika bega akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi, wakakaa huko wawili muda mrefu. Mimi nikaingia jikoni nikasaidia kumenya viazi, na mke wa Koikai akaniambia kwamba majani yale yatawatosha ng'ombe siku tatu, hivyo nisijute sana. Waliporudi walikuwa wanabishana juu ya spidi ya wimbo fulani wa mwaka 1991. Koikai akatoa gitaa lake, lile lile la zamani, hana amplifaya, akapiga kavu. Elihuruma hakuwa na gitaa, akawa anaimba sehemu yake ya besi kwa mdomo. Solo ilikuwa ndefu mno. Hakuna aliyemgusa bega.

Mkitaka kujua habari za bendi, Koikai hajarudi. Anasema hawezi kusimama saa tano kwenye harusi za watu, ana ng'ombe. Kizibao nacho amekataa kukirudisha, anadai kanuni inasema anayetoka ndiye anayerudisha, na yeye hajawahi kutoka. Anakuja Alhamisi moja moja kumkosoa Lengai mpaka kijana anatoka jasho. Elihuruma bado anapiga nyimbo nne kwa onyesho, tano vidole vikikubali, na ameanza kutafuta wa kumrithi. Amekwisha kuwakataa watatu. Simharakishi.

Lakini ninachotaka mkijue ni Jumanne ile iliyofuata baada ya nyasi. Asubuhi nilimwona amevaa viatu vyake vya kazi, vile vya kusomea mita.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Koikai."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Nikaruka jikoni. Nikamwambia asubiri, kuna mkungu wa ndizi umetoka Akheri jana, kuna sukari, nimfungie na kitenge cha mke wa Koikai ambacho nilikuwa nimeanza kukishona. Mtu hawezi kwenda kwa watu hivi hivi, watasema ameoa wapi huyu. Nikarudi na mkungu begani. Alikuwa ameshafungua geti.

"Acha, Mama Evelyn," akasema. "Leo naenda mwenyewe."

Akashika njia, mikono mitupu, haraka haraka, kama mtu aliyechelewa.